Mizinga Sita na Matikiti Yaliyopinda: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Ufugaji Nyuki

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo alipewa mradi wa kupima mchango wa nyuki katika shamba la matikiti maji la hekta 2. Alikuwa na mizinga 6 ya Langstroth (ya masanduku yenye fremu za sega zinazochomoleka), kila mmoja ukiwa na sanduku moja la fremu 10. Msimu ulipokwisha, mkononi alikuwa na matikiti mengi yaliyopinda, nyuki walioanguka kwa maelfu siku moja, mizinga miwili mitupu na asali iliyotoa povu chupani. Ripoti yake ikahitimisha kwa sentensi moja: kiuadudu kiliua nyuki, ndiyo maana matunda yakaharibika.

Kisa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, na hesabu za shambani ni za kisa chenyewe. Hata hivyo, kila kilichotokea humo hutokea mara kwa mara popote mizinga inapopelekwa shambani kuchavusha. Ni kweli sumu iliua nyuki. Lakini matikiti yalikuwa yameanza kupinda kabla bomba la dawa halijabebwa begani, na rekodi za mwanafunzi mwenyewe zinathibitisha hivyo. Kosa la msingi lilikuwa la kalenda. Shamba lilihitaji nyuki kwa wiki tatu, na hakuna aliyeuliza nyuki hao wangekula nini katika wiki zilizotangulia na zile zilizofuata.

Mfuatano wa matukio

Tuhesabu siku kuanzia mizinga ilipofika shambani, yaani siku ya 0. Ilisafirishwa usiku, milango ikiwa imezibwa kwa wavu, ikapangwa kwa mstari mmoja ukingoni mwa shamba. Makundi yalikuwa yametoka katika kipindi kirefu kisicho na maua. Daftari la ukaguzi linasema kwa wastani kila mzinga ulikuwa na fremu 5 zilizofunikwa na nyuki, na fremu 2 tu zenye majana (watoto wa nyuki walio bado kwenye vyumba vya sega), mengi yakiwa mayai na lava wadogo.

Maua dume ya kwanza yalifunguka siku ya 14. Maua jike yalianza siku ya 21 na kuendelea hadi siku ya 42 hivi. Siku ya 33, saa 2 asubuhi, mwenye shamba alinyunyiza mchanganyiko wa dawa mbili katika bomba moja: lambda-sihalothrini, kiuadudu cha kundi la pirethroidi, dhidi ya vidukari, na propikonazoli, kiuakuvu, dhidi ya ubwiri unga. Kufikia mchana nyuki walikuwa wamelala mbele ya mizinga, baadhi wakizunguka chini kama waliolewa, ndimi zimetoka nje. Siku ya 45 mwanafunzi alivuna kilo 9 za asali kutoka mizinga yote. Wiki tano baadaye mizinga miwili ilikuwa haina nyuki. Hakukuwa na mizoga ndani, na masega yalikuwa makavu.

Jambo moja alilolifanya vizuri kupita kiasi cha kawaida cha wanafunzi ndilo linalotuwezesha kuchambua kisa hiki. Alifunga nyuzi za rangi kwenye vikonyo vya maua jike kulingana na siku yalipofunguka: nyekundu kwa maua 60 ya siku ya 22 hadi 24, na bluu kwa maua 60 ya siku ya 36 hadi 38. Katika maua yenye uzi mwekundu, 31 yalishika tunda, na matunda 14 kati ya hayo yalipinda. Katika yale ya bluu, 20 yalishika na 12 yakapinda.

Maua yenye uzi mwekundu yalifunguka zaidi ya wiki moja kabla ya kunyunyiza. Bado karibu nusu ya matunda yake yalipinda. Dawa iliongeza tatizo lililokuwapo, haikulianzisha. Tarakimu hizi zimo katika jedwali la ripoti yake, lakini hitimisho lake halikuzigusa.

Tikiti linapinda kwa nini

Mtikiti huzaa maua dume na maua jike kwenye mmea uleule. Ua jike hutambulika kwa kijitunda kidogo chenye manyoya kilicho chini ya petali. Hufunguka baada ya jua kuchomoza na kujifunga alasiri ya siku hiyohiyo. Kesho halipo tena. Katika saa hizo chache stigma yake, yenye sehemu tatu, inapaswa kupokea chembe mamia kadhaa za chavua, tena zienee sehemu zote tatu. Chavua ya mtikiti ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima aje mdudu, tena zaidi ya mara moja: utafiti wa muda mrefu kuhusu zao hili umeweka kiwango cha chini cha ziara 8 za nyuki kwa ua moja ili tunda liwe na umbo zuri. Aina isiyo na mbegu huhitaji ziara 16 hadi 24, na ni lazima ipandwe pamoja na mtikiti wa kawaida, kwa kuwa chavua yake yenyewe haifai kurutubisha.

Mbegu zinazokua hutoa homoni zinazoisukuma nyama ya tunda ivimbe. Upande uliokosa chavua hukosa mbegu, nao hubaki umesinyaa wakati upande wa pili unajaa. Ndipo tikiti linapopinda au kubana shingo.

Kabla ya kulaumu uchavushaji, likate tunda lililopinda kwa urefu. Ukikuta upande uliosinyaa una mbegu nyeupe, tupu, ndogo, na upande uliojaa una mbegu nene, chavua ilipungua. Ukikuta mbegu zimejaa kote, tafuta sababu kwingine, hasa maji yasiyo na mpangilio wakati tunda linakua. Kitako cheusi kilichooza ni suala jingine kabisa, la kalisi na maji. Mwanafunzi alikata matunda 10 kati ya yaliyopinda; 9 yalikuwa na mbegu tupu upande mmoja. Ushahidi huo unatosha kabisa.

Alihesabu pia ziara. Asubuhi ya siku ya 23 aliangalia maua jike 20, kila moja kwa dakika 10, akaona ziara 4 kwa jumla. Hesabu yake iliishia hapo, lakini inaweza kuendelezwa. Ziara 4 kwa maua 20 ni 0.2 kwa ua katika dakika 10. Tukichukua muda mzuri wa uchavushaji kuwa saa nne, tuseme kuanzia saa 1 hadi saa 5 asubuhi, tunapata vipindi 24 vya dakika 10, yaani ziara 4.8 kwa ua kwa siku. Zinazohitajika ni 8. Na huo ni wastani: yapo maua yaliyopata 9 na mengine yaliyopata 1, tena si kila nyuki anayetua kwenye ua jike anakuwa ametoka kwenye ua dume. Hesabu hii ya dakika kumi angeifanya asubuhi ya siku ya 21, angejua siku hiyohiyo kwamba shamba lina upungufu, na angekuwa bado na takriban wiki tatu za kuongeza mizinga.

Mizinga sita kwa jina, miwili kwa kazi

Mwongozo wa kawaida kwa matikiti ni mizinga 2 hadi 5 kwa hekta. Mwanafunzi alikuwa na 3 kwa hekta, akaridhika. Tatizo ni kwamba ua halitembelewi na mzinga, hutembelewa na nyuki mchumaji. Fremu moja ya Langstroth iliyofunikwa vizuri pande zote mbili hubeba nyuki wapatao 2,000. Fremu 5 ni nyuki 10,000. Mizinga yote sita ilikuwa na nyuki 60,000, sawa na mizinga miwili yenye nguvu ya 30,000 kila mmoja.

Na hata usawa huo unadanganya. Kundi dogo hulazimika kubakiza sehemu kubwa ya nyuki wake nyumbani ili kulisha lava na kuyaweka majana kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35. Wanaobaki ndio wanaotoka. Kundi la nyuki 30,000 hutoa wachumaji wengi kuliko makundi matatu ya 10,000 yakijumlishwa. Katika mashamba ya lozi ya California, ambako uchavushaji ni biashara kubwa kuliko kwingine kokote duniani, mikataba mingi haitaji idadi ya mizinga peke yake. Hudai wastani wa fremu 8 zilizofunikwa na nyuki kwa kila mzinga, na mkaguzi hufungua mizinga kuhakikisha. Mkulima wa hekta 2 anastahili kupimiwa vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye kalenda yenyewe. Yai la nyuki kibarua huanguliwa baada ya siku 3. Lava hulishwa siku 6 hivi, chumba huzibwa, na nyuki mzima hutoka siku ya 21. Jamii za nyuki wa Afrika hutangulia kwa siku moja au mbili. Akishatoka haendi mauani. Husafisha vyumba, hulisha lava, hujenga sega, hupokea mbochi (maji matamu ya maua) kwa wenzake, hulinda mlango. Huanza kutafuta chakula akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kwa hiyo tangu yai litagwe hadi nyuki atue mauani ni takriban siku 42.

Rudi kwenye tarehe za kisa. Yai lililotagwa siku mizinga ilipofika, siku ya 0, lilitoa mchumaji siku ya 42. Maua jike yaliisha siku ya 42. Chakula chote ambacho makundi yale yalikipata shambani kilizalisha jeshi lililokuwa tayari siku kazi ilipokwisha. Nyuki waliochavusha maua yenye uzi mwekundu walitokana na mayai ya wiki tatu kabla ya kuhamishwa, wakati makundi yalikuwa na njaa na malkia ametaga kidogo sana.

Kuwahi mno nako kulichangia. Kwa wiki mbili mizinga ilikaa kando ya shamba lisilo na ua hata moja, na mita 800 kutoka hapo kulikuwa na alizeti. Nyuki mchumaji akizoea ua la aina moja hung'ang'ania hilo, na huwaelekeza wenzake kwa ngoma yake ndani ya mzinga. Mtikiti hauna mbochi nyingi ya kumshawishi aache alizeti inayomwaga. Mwanafunzi alipolinganisha vidonge vya chavua miguuni mwa nyuki waliokuwa wakiingia na chavua aliyoichukua mwenyewe kutoka kwenye maua, vingi vilifanana na vya alizeti. Aliliandika hilo kama jambo la kupendeza tu. Kumbe lilimaanisha kwamba hata wale wachache waliokuwapo hawakuwa wakilifanyia kazi shamba lake. Mizinga huletwa maua yakiwa yamekwisha kuanza, kiasi cha kimoja kwa kumi, ili safari ya kwanza ya nyuki iishie kwenye zao lililokusudiwa.

Utitiri wa varoa, kimelea cha nyuki, unaondolewa haraka katika orodha ya washukiwa. Siku ya 10 mwanafunzi alichukua nusu kikombe cha nyuki kutoka fremu ya majana (takriban 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo), akawatia kwenye mtungi wenye kifuniko cha wavu pamoja na vijiko viwili vya sukari ya unga, akawazungusha taratibu kwa dakika moja, akawaacha dakika mbili, kisha akatikisa sukari kwenye sahani nyeupe yenye maji. Alipata utitiri 4, yaani 1.3 kwa kila nyuki 100. Wafugaji wengi huanza kuchukua hatua wanapofika 2 hadi 3 kwa 100. Kipimo kilifanywa sawasawa, na matokeo yake hayaelezi udhaifu wa makundi.

Asubuhi ya siku ya 33

Hapa mwanafunzi alikuwa sahihi kuhusu muuaji, ila hakuweza kuthibitisha. Alikusanya nyuki waliokufa kwenye mfuko wa plastiki, akauweka kivulini kwa siku mbili akingoja usafiri. Walipofika maabara walikuwa wameoza, na sampuli ikakataliwa. Sampuli ya sumu huchukuliwa siku ileile: nyuki 300 au zaidi, wale wanaotetemeka au waliokufa muda si mrefu, ndani ya chombo safi, kisha moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha la nyuzi hasi 18 au chini zaidi. Usiwatie spiriti, kwa kuwa huathiri uchunguzi. Andika tarehe, saa, mzinga, hali ya hewa na majina ya dawa kama yalivyo kwenye vibandiko. Piga picha ya mlango wa mzinga kabla hujafagia.

Makadirio ya vifo aliyafanya kwa busara. Mbele ya mzinga mmoja alipima gramu 180 za mizoga. Nyuki kibarua ana uzito wa takriban gramu 0.1, kwa hiyo ni nyuki 1,800 au zaidi kidogo. Ila hiyo ni idadi ya waliofika nyumbani kufa. Waliofia mauani hawahesabiki kwa njia hiyo, na kwa dawa inayoangusha haraka kama pirethroidi huenda wakawa wengi.

Mchanganyiko ulikuwa mbaya kuliko kila dawa ikiwa peke yake. Lambda-sihalothrini ni kali kwa nyuki hata bila msaada. Propikonazoli, ambayo kibandiko chake hakimtishi mtu, huzuia vimeng'enya ambavyo mwili wa nyuki hutumia kuivunja sumu. Majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalikwisha kuonyesha kwamba viuakuvu vya kundi hili huweza kuongeza kwa mara kadhaa ukali wa pirethroidi kwa nyuki. Kwa mkulima, kuchanganya kunaokoa siku moja ya kibarua na mzunguko mmoja wa bomba. Ndiyo maana tabia hii ni sugu, na ndiyo maana kumwambia tu "dawa ni mbaya" hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni kumwonyesha kwamba zao lake lenyewe linampa nafasi. Ua la mtikiti huishi asubuhi moja. Dawa ya kugusa ikinyunyizwa jioni, kuanzia saa 12, maua ya siku hiyo yamefungwa na nyuki wamelala. Yatakayofunguka kesho hayajaguswa ndani. Mazao mengi hayana bahati hiyo. Tahadhari moja: hoja hii haihusu dawa zinazonyonywa na mmea, mfano imidaklopridi, ambazo hupanda hadi kwenye mbochi na chavua, kunyunyiza jioni hakuzizuii. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu nje ya vibanda vya kudumu vya kuoteshea mimea mwaka 2018 kwa sababu ya hatari yake kwa nyuki.

Tena vidukari vya siku ya 33 havikuwa vimehesabiwa. Mwenye shamba aliviona kwenye majani ya ukingoni, akanyunyiza hekta zote mbili. Kutembea mistari kumi na kugeuza majani matano kila mstari huchukua chini ya saa moja, na mara nyingi huonyesha kwamba kunyunyiza ukingo tu kunatosha, au kwamba bibiarusi na wadudu wengine walao vidukari wameshaanza kazi. Ikibidi kunyunyiza, mfugaji apewe taarifa siku mbili kabla. Kuifunga mizinga kutwa nzima kwenye jua hakushauriwi: nyuki hushindwa kupooza mzinga, nta hulegea na kundi hufa kwa joto kabla ya sumu kulifikia.

Pigo la siku ya 33 halikuishia kwa waliokufa. Wachumaji wakipotea ghafla, walezi wachanga huacha majana na kutoka nje kabla ya umri wao. Lava hawalishwi ipasavyo, majana ya pembezoni hupoa na kufa, na wiki tatu baadaye kundi lina pengo lingine. Ndiyo maana kundi lililopata sumu huonekana kupona kwa wiki moja, kisha hushuka tena.

Baada ya matikiti

Nyuki huchuma kwa urahisi ndani ya kilomita 3. Duara la kilomita 3 ni takriban hekta 2,800. Mwanafunzi alichora ramani ya duara hilo, na ramani hiyo kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora ya mradi wote. Alizeti ilikuwa imevunwa. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa mahindi yaliyopaliliwa kwa kiuagugu, bila ua la pori katikati ya mistari. Nyuki huokota chavua ya mahindi, lakini mahindi hayatoi mbochi, na chavua yake ni lishe duni. Kwa nyuki, eneo lile la kijani lilikuwa jangwa.

Katika hali hiyo, siku ya 45, kilo 9 za asali zilitolewa. Hiyo ni wastani wa kilo moja na nusu kwa mzinga, na ilikuwa akiba yote. Nyuki wa nchi za joto wakikosa chakula huhama, na mizinga miwili ilihama. Wa nchi za baridi kwa kawaida wangefia ndani. Matokeo kwa mfugaji ni yaleyale.

Asali yenyewe haikuwa imeiva. Masega mengi hayakuwa yamezibwa kwa nta. Mbochi huingia mzingani ikiwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu, na nyuki huikausha hadi chini ya asilimia 20 kabla ya kuziba. Refraktomita, kifaa cha kupima maji katika asali, ilisoma asilimia 23. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka isizidi 20, na aliye makini hujaza chupa ikiwa chini ya 18.6 hivi, kwa kuwa juu ya hapo hamira za asili zilizomo huweza kuamka. Zikiamka, ni povu na harufu ya pombe. Kanuni ya shambani ni kuchukua sega lililozibwa angalau robo tatu. Kwa sega lisilozibwa, lishike fremu ikiwa imelala, uikung'ute mara moja kwa nguvu. Matone yakiruka, irudishe.

Ripoti ilivyopaswa kusema kuhusu chakula

Utangulizi wa ripoti ulisema bila nyuki dunia ingekosa chakula. Sentensi hiyo imezoeleka, na inaharibu hoja nzuri. Ngano na mchele hujichavusha zaidi, mahindi huchavushwa na upepo. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2007 ilionyesha kwamba mazao 87 kati ya 115 makuu ya chakula hutegemea wachavushaji kwa kiwango fulani, lakini mazao hayo huleta takriban asilimia 35 ya ujazo wa mavuno duniani, na mengi kati yake hupungua tu bila wadudu, hayatoweki. Kinachopungua ni matunda, mboga za matunda, njugu na mbegu za mafuta, yaani vitamini A na C, folati na mafuta mazuri. Tumbo lingejazwa. Lishe ndiyo ingeharibika, na ingeharibika kwanza kwa asiyeweza kununua matunda yakipanda bei.

Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo takwimu za dunia haziwezi kulionyesha: hasara iligawanywa bila uwiano. Mwenye matikiti aliuza yaliyopinda kwa bei ya chini. Mfugaji alipoteza makundi mawili na asali. Wenye mahindi, ambao njia yao ya palizi ndiyo iliyoondoa chakula cha nyuki katika duara zima, hawakupoteza kitu na hawakujua kwamba wanahusika. Mkataba kati ya mfugaji na mkulima mmoja hauwezi kutibu hilo. Unaweza tu kuandika yaliyo mikononi mwao: fremu ngapi za nyuki kwa mzinga, siku ya kuleta na kuondoa, saa za kunyunyiza, katazo la kuchanganya dawa, na nani analipia sukari ya kipindi cha njaa. Njia pana zaidi ni vipande vya maua vinavyopishana kwa majira, kingo zisizolimwa na zisizopigwa kiuagugu. Kingo hizo huwafaa pia nyuki wakaao peke yao, ambao wengi hutaga ardhini, hawahitaji mzinga, na kwenye maua ya jamii ya maboga mara nyingi hufanya kazi kuliko wanavyotarajiwa.

Mradi ukirudiwa

Hesabu ianzie kwenye ua jike na kurudi nyuma. Ikiwa linatarajiwa siku fulani, ulishaji wa kuchochea malkia uanze wiki sita hadi saba kabla, makundi yakiwa bado kwenye kituo chao. Kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, nusu lita kila baada ya siku mbili au tatu, iwekwe jioni ndani ya mzinga na mlango upunguzwe ili nyuki wezi kutoka mizinga jirani wasishawishike. Sukari bila chavua haitoshi. Pasipo na chavua nje, wapewe mbadala wenye protini, la sivyo malkia atataga na walezi watashindwa kulea. Acha sharubati kabla ya kuweka sanduku la asali, vinginevyo utavuna sukari. Wiki mbili kabla ya kuhama, kagua: fremu 8 zilizofunikwa, 4 hadi 6 zenye majana, zaidi ya nusu yakiwa yamezibwa. Kundi lisilofikia kiwango liunganishwe na lingine. Mizinga minne yenye nguvu ingelihudumia shamba lile vizuri kuliko sita ya mwanzo. Shambani igawanywe vituo viwili, kila kimoja na chombo cha maji chenye mawe ya kutua.

Na jaribio liwe na kipimo cha kulinganisha, kwa sababu nyuzi za rangi zinaonyesha wakati lakini hazitenganishi sababu zote. Jioni moja kabla, chagua machipukizi 90 ya maua jike yatakayofunguka kesho. Thelathini yaachwe wazi. Thelathini yafunikwe kwa mifuko ya wavu mwembamba. Thelathini yafunikwe vilevile, kisha asubuhi yafunuliwe, yachavushwe kwa mkono kwa maua dume mawili au matatu yaliyopakwa sehemu zote tatu za stigma, na kufunikwa tena hadi alasiri. Hesabu matunda yaliyoshika baada ya siku 7, na umbo wakati wa kuvuna. Yaliyofunikwa muda wote hayatashika. Yakishika, mifuko yako inavuja. Yaliyochavushwa kwa mkono yakiwa mazuri na ya wazi yamepinda, nyuki ni wachache. Yote mawili yakipinda kwa kiwango kimoja, waache nyuki na ukague maji na rutuba. Rudia siku ya mwanzo wa maua, katikati, na siku tatu baada ya kila unyunyizaji, ukitumia maua mapya kila mara.